Nilivyomhamisha Mwaitu na Ng'ombe Wake

Kila anayeingia kwenye hoteli yangu hapa Kambu siku hizi anaagiza chapati, kisha anaagiza habari. "Njoki, ile safari ya Kitui ilikuwaje?" Chapati naweza kupika kila siku, lakini habari hii nimechoka kuipika upya. Basi nimeiandika. Anayetaka asome, na asiyetaka anywe chai yake anyamaze.

Wengi wenu mnajua chanzo. Mama mkwe wangu, Syokau, ambaye mimi humwita Mwaitu, yaani mama yetu, kama watoto wake wote, alikuwa amebaki peke yake huko ndani ya Kwa Vonza. Mvua ilikataa msimu baada ya msimu, ng'ombe wakafa mmoja mmoja, na ilipokuja hatimaye ilikuja kama mwizi mwenye hasira. Ikabomoa matuta aliyochimba yeye na marehemu mumewe, ikaubeba udongo wote mzuri, ikamwachia mawe. Halafu jua likarudi mahali pake kana kwamba halijawahi kuondoka.

Mume wangu Mutua, anayebeba mizigo bandarini Mombasa, alimpigia simu kumbembeleza ahamie kwetu. Alikataa kila mara. Alikubali tu siku Mutua aliposema, "Mwaitu, basi tumlete hata Nzeu. Kambu kuna majani kidogo." Nzeu ndiye ng'ombe aliyesalia, mweupe, na alikuwa na mimba. Kwa ajili ya Nzeu, Mwaitu alikubali kuhama. Kwa ajili yetu sisi, hapana.

Kambu hadi Ikutha

Nilipanda kenta, lile lori dogo la Musyoka, mteja wangu, ambaye hupeleka vitunguu Kitui na kurudi bila mzigo. Tulikata kona Kibwezi, tukavuka mto Athi, na Musyoka alikuwa ameahidi kwamba chakula cha mchana tungekula Kitui mjini.

Chakula cha mchana tulikula Ikutha, nacho kilikuwa ndizi mbivu na maji.

Barabara ilikuwa imefungwa. Si kwa ajali, bali kwa ukarimu. Malori ya mahindi ya msaada yalikuwa yamepangwa pembeni, turubai zimekazwa kamba, na watu wamejaa hadi katikati ya lami. Nilishuka kunyoosha miguu. Mzee mmoja alikuwa amekalia gunia lake tupu lililokunjwa vizuri, nikamuuliza wanangoja nini.

"Mheshimiwa."

"Na mahindi?"

"Mahindi si hayo pale." Akayaelekezea kidevu. "Sisi tuko hapa. Lakini hatuwezi kukutana kabla mheshimiwa hajafika kututambulisha."

Alisema bila kucheka. Mke wake alikuwa amelala kwenye kivuli cha tairi la lori lile lile lililobeba chakula chake.

Mheshimiwa alifika jua likiwa limeanza kuinama, na magari mengi kuliko malori ya mahindi. Alieleza kwamba ukame ni changamoto, jambo ambalo watu wale hawakuwa wakilijua. Akasema serikali inawapenda. Mchungaji akaomba, akamkumbusha Mungu kwamba mvua imezuiwa na dhambi zetu, hasa za vijana na akina mama. Nilimtazama yule mama chini ya lori, nikajaribu kufikiria ni dhambi gani angeweza kutenda kwa nguvu alizokuwa nazo.

Kisha wakagawa kofia. Mahindi bado yamefunikwa, kofia zikagawanywa, zenye jina la mheshimiwa mbele. Mzee wangu akaivaa yake, akaniuliza, "Hii inachemshwa na nini?"

Hapo ndipo alipocheka.

Ikutha hadi Kwa Vonza

Tulilala Mutomo kwa dada yake Musyoka, ambaye alitupikia muthokoi mwepesi, mahindi yaliyokobolewa, akiomba radhi kila kijiko. Asubuhi tukaingia Kitui, Musyoka akashusha vitunguu, na jinsi tulivyogombana na mnunuzi wake sitasimulia. Tulifika Kwa Vonza adhuhuri.

Pale sokoni ndipo nilipowaona madalali wa ng'ombe. Walikuwa wanene, wakiwa wamesimama katikati ya mifugo iliyobaki mbavu. Mmoja alisikia tunaulizia njia ya kwa Syokau, akatufuata hadi kwenye dirisha la gari.

"Yule mama mwenye ng'ombe nyeupe? Mwambie aniuzie leo. Kesho nitanunua ngozi."

"Anahama naye," nikamwambia.

"Anahama kwenda wapi? Jua ni moja tu."

Musyoka akamwambia aondoe mkono wake mlangoni. Lakini njiani nilikuwa nikiendelea kuyasikia yale maneno. Mtu mbaya akisema kweli, ile kweli inanuka.

Kwa Mwaitu

Alitupokea kwa chai ya rangi. Ng'ombe yuko nje ya mlango, na chai ni nyeusi kama oili, na Mwaitu akaona haya hata akakwepa kunitazama.

"Ungekuja mwaka ule mwingine," alisema, "ungekunywa maziwa mpaka ukatae."

Nzeu alikuwa amefungwa kwenye kivuli cha ukuta. Nilimkumbuka siku ya harusi yetu, alivyokuwa anang'aa. Sasa mifupa ya nyonga ilikuwa imechomoza kama vipini vya jembe, na tumbo la mimba lilining'inia chini kana kwamba ni la ng'ombe mwingine. Mwaitu alikuwa akimlisha majani ya miti, na nyasi alizozitoa kwenye paa la jiko. Jiko lilikuwa wazi juu.

"Umempa paa?" nikauliza.

"Mvua haiko. Paa la nini?"

Kesho yake asubuhi alifunga mzigo mdogo. Blanketi, Biblia ya Kikamba, sufuria mbili. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba kwenye kaburi la mumewe, akakaa huko. Hatukumfuata. Aliporudi, Musyoka, ambaye hana ubaya ila mdomo wake haujui kupumzika, alijaribu kumchangamsha.

"Mama, redio inasema hii joto yote inaletwa na moshi. Viwanda vya nchi tajiri, magari yao, ndege zao. Ndio imeharibu mvua."

Mwaitu akauliza, "Hao watu nawajua?"

"Hapana, mama. Wako mbali sana."

"Basi karamu ilikuwa kwao, moshi ukaletwa kwangu." Akamfungua Nzeu. "Tungealikwa basi hata tuonje."

Tuliwaita majirani kumpandisha ng'ombe. Zamani wangekuja wanaume. Walikuja wanawake wawili na mzee mmoja, kwa sababu wengine wote walikuwa wameenda Nairobi kutafuta kazi za mjengo. Tulimsukuma Nzeu kwa mabega yetu, naye hakupinga hata kidogo. Mwaitu alisema hilo ndilo lililomtisha. Ng'ombe mzima angetupiga mateke.

Kwa Vonza hadi penye mahema

Tulikuwa tumeipita Kitui, tunateremka kuelekea Mutomo, Mwaitu akiwa nyuma na ng'ombe wake maana alikataa katakata kukaa mbele. Ghafla kijana aliyevaa kizibao chenye mifuko mingi aliruka barabarani akipunga mikono yote miwili.

"Hatimaye! Mmechelewa sana! Ingieni huku, huku!"

Musyoka alidhani ni ukaguzi wa mifugo, akakata kona. Tukajikuta kwenye uwanja wenye mahema meupe, viti vilivyovalishwa vitambaa, na bango kubwa lililoandikwa USTAHIMILIVU NI MAISHA. Wageni wa ng'ambo walikuwa wameketi mbele, na kila mmoja alikuwa na chupa yake ya maji.

"Mnatoka kikundi gani?" mwenye kizibao akauliza. Wenzake walikuwa wakimwita Mratibu.

"Tunaenda Kambu," Musyoka akajibu.

"Kikundi cha Kambu, safi kabisa. Mshusheni ng'ombe. Mama ndiye mnufaika?"

Nilifungua mdomo kueleza. Lakini wanaume walikuwa tayari wameshamshika Nzeu, wamemvisha utepe wa kijani shingoni, na mwingine amemshika Mwaitu mkono kwa heshima kubwa. Mimi nikaketishwa pembeni na sahani ya pilau. Mama aliyekuwa akigawa chakula akainama sikioni kwangu.

"Asante kwa kuja. Ng'ombe wao wa mradi alikufa juzi."

"Alikufa na nini?"

Akatazama huku na huku. "Njaa."

Kumbe walikuwa wametuma watu watafute ng'ombe mwingine upesi, na sisi tukapita.

Mama mmoja wa ng'ambo, mwenye uso wa huruma ya kweli, nisimsingizie, akasimama akamuuliza Mwaitu swali refu. Mratibu akalitafsiri.

"Mama, anauliza, wewe unastahimili vipi?"

"Mwambie sistahimili," Mwaitu akasema. "Nahama."

Mratibu akamgeukia mgeni na kusema kwa Kiingereza kwamba mama anawashukuru sana, na kwamba ana matumaini. Makofi yakapigwa. Kiingereza changu ni cha shule ya msingi, lakini matumaini nayafahamu, na Mwaitu hakuwa ameyataja. Nikasimama.

"Hakusema hivyo!"

"Madam, maswali ni baadaye," mtu akaniambia, na kiti kikasukumwa nyuma ya magoti yangu.

Kisha mpiga picha akasema ng'ombe hafurahi. Alitaka aonekane akila. Wakaleta karai la unga wa ng'ombe wa maziwa, ule wa magunia, mtamu, wenye mahindi. Mwaitu alipoona karai lile aliinuka.

"Hapana. Mpeni nyasi kavu, kidogo kidogo. Tumbo lake halijaona nafaka tangu lini. Litamuua."

"Mama, usijali, hii ni lishe bora," Mratibu akasema, na mikono yake yote miwili ikamrudisha Mwaitu kitini, kwa upole, mbele ya kamera. "Tuko na wataalamu."

Nzeu aliingiza kichwa kwenye karai na hakukitoa. Alikula kama mtu aliyesahauliwa. Karai lilipoisha, mpiga picha akasema jua lilikuwa limeingia kwenye kioo cha kamera, wakaleta la pili. Kisha maji, ndoo nzima. Wageni walikuwa wakitabasamu, na wengine walifuta macho. Mimi nilikuwa nimeshikwa mkono na askari wa mlangoni, ambaye aliniambia kwa sauti ya chini, "Dada, tulia. Nikikuachilia nitafutwa kazi." Na Mwaitu, katikati ya viti vile vyeupe, alikuwa akimtazama ng'ombe wake akila kama unavyomtazama mtoto anayekimbilia barabarani.

Walipomaliza, hotuba zikaanza, na hakuna aliyetuhitaji tena. Musyoka alimpandisha Nzeu garini kwa msaada wa wapishi. Mratibu alikuja mbio kutuaga, akamkabidhi Mwaitu mwavuli wa kijani.

"Wa mvua, mama."

Mwaitu akamrudishia. "Kaa nao wewe," akasema. "Mvua ikija kwenu, utanikumbuka."

Mutomo kushuka

Baada ya Mutomo nilisikia ngumi zikigonga ubao wa nyuma. Musyoka akasimamisha gari. Ubavu wa kushoto wa Nzeu ulikuwa umejaa kama ngoma, ulimi nje, na alikuwa akiguna kila pumzi. Mwaitu alikuwa amemkumbatia shingo.

"Mafuta," alisema. "Tafuta mafuta ya kupika. Haraka."

Pembeni mwa barabara kulikuwa na magunia ya makaa yaliyosimamishwa, na nyuma yake kibanda. Nilikimbia. Mwanamke aliyetoka aliitwa Kalekye. Nilipomweleza hakuuliza swali hata moja. Aliingia ndani akatoka na kichupa chenye mafuta robo, na nilipokichukua niliona kwamba hakuna chupa nyingine ndani ya kile kibanda, wala kitu kingine cha kupikwa nayo. Mumewe, Mulwa, alikuja nyuma yetu mikono ikiwa myeusi kwa makaa.

Tulimshusha, tukammiminia mafuta kinywani yashushe gesi, tukamtembeza. Hatua chache, akapiga magoti. Mulwa na Musyoka walimwinua kwa mti, akapiga magoti tena. Mwaitu aliweka sikio kwenye ubavu wake, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akasimama, akajipangusa vumbi kwenye leso.

"Mchinjeni."

"Mama, tungoje kidogo," Musyoka akasema.

"Tungoje nini? Awe mzoga, tumpe mbwa?" Akamtazama Mulwa. "Una kisu?"

"Ninacho, Mwaitu."

"Una watoto?"

"Ninao."

"Basi fanya haraka, kabla hajafa mwenyewe."

Alivua ule utepe wa kijani shingoni mwa Nzeu kwanza. Alihangaika na fundo, mimi nikataka kumsaidia, akanisukuma kwa kiwiko. Alipoufungua aliutupa chini bila kuutazama. Kisha akaenda akakaa upande wa pili wa gari, na mimi nikakaa naye. Tulisikia yote.

Ndama wa tumboni alikuwa dume. Hilo aliniambia Mulwa pembeni, na mimi nikamwomba asimwambie Mwaitu, lakini wazee hawahitaji kuambiwa. Aliniuliza tu, "Dume au jike?" Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa.

Habari ya nyama husafiri bila simu. Kwenye pori lile ambalo ungeapa halina mtu, walitokea watu na mabeseni, na Kalekye akawagawia wote kwa utaratibu, hakuna aliyesukumana. Alitaka kutupakilia sehemu nzuri kwenye gunia. Mwaitu akakataa.

"Nitamlaje? Namjua."

"Basi ukae ule ugali tu, mama," Kalekye akasema. "Hatuwezi kula cha mtu, naye yuko nje na njaa."

Tukala ugali na chumvi mlangoni pake, huku jiko la kila nyumba ya karibu likinukia ile harufu ambayo sisi watatu hatukuweza kuizungumzia. Watoto wa Kalekye walikuwa wakicheka ndani. Musyoka, aliyekuwa akimtukana Mratibu na wazazi wake tangu kwenye mahema, alichovya tonge lile lile kwenye chumvi, tena na tena.

"Leo kuna walioshiba," Mwaitu akasema. "Waache wacheke."

Nilimuuliza Mulwa, kwa hasira ambayo haikumhusu, kama haoni kwamba kukata miti na kuchoma makaa ndiko kunakomaliza hata mvua kidogo iliyobaki. Ni maneno niliyoyasoma kwenye mabango. Hakukasirika.

"Nilikuwa na shamba la pojo," alisema. "Na mbuzi. Ukiniambia kitu kingine huku kinachouzwa, nitaacha kesho."

Sikuwa nacho. Mabango nayo huwa hayana.

Kambu

Tulivuka Athi na kufika Kibwezi. Kwenye barabara kuu malori ya Mombasa yalikuwa yakipita moja baada ya jingine, yamebeba magari mapya, saruji, na sijui nini, na Mwaitu, ambaye sasa alikuwa amekaa mbele kati yetu, aliyatazama kama anayeyahesabu.

Tuliposhuka kwangu, alisimama uani akazungusha macho. Aliona mahindi yangu yaliyokaukia kwenye kimo cha goti. Aliona mitungi yetu ya manjano imepangwa foleni kule kwenye bomba, na wenyewe wamelala kando. Aliona ua wa miiba, uliobomolewa na ndovu waliokuja kutafuta chochote chenye maji ndani.

"Njoki," akaniita.

"Naam, Mwaitu."

"Umenitoa kwenye ukame, ukanileta kwenye ukame wenye lami."

Hapo, marafiki zangu, mnaosema kila siku wazee wa Kitui ni wakaidi, wahamie tu mjini, nilienda kupika chai. Kwa haya nyingi nikaipika ya rangi, maana muuza maziwa naye alikuwa amemaliza yake.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na banda jipya. Mutua alikuja likizo akalijenga mwenyewe, mabati yanayong'aa, hori la kulia, hata saruji chini ili kwato zisipate matope, matope ambayo sisi huyasikia tu. Lilikuwa jengo zuri kuliko jiko langu. Chumba cha mama yake hakikuwepo. Tulikuwa tumepanga kwamba angelala na watoto mpaka tutakapojipanga. Mwaitu aliingia bandani, akapapasa hori, akatoka.

Simu ikalia. Mutua.

"Mmefika?" Kelele za bandari zilikuwa nyuma yake, ikabidi apaze sauti, na uani kote kukasikika. "Ng'ombe amefika salama? Amekula? Ameonaje banda?"

Nilikuwa nimejiandaa kuanzia Mutomo jinsi ya kumwambia. Mwaitu akanyoosha mkono, nikampa simu. Aliishika mbali kidogo na sikio, kama anavyoishika siku zote.

"Mutua."

"Mwaitu! Ng'ombe amefika?"

"Ng'ombe hajafika, mwanangu. Nimefika mimi." Akalitazama lile banda. "Sasa mwambie mke wako mahali atakaponifunga."